Ardhi ya Matisi haina mkataba: mwalimu afundishe nini?

Kila aliyesoma Historia katika shule ya upili nchini Kenya amekutana na swali la Wamaasai. Taja sababu za ushirikiano wao na Waingereza. Eleza matokeo yake. Majibu yamekaririwa kizazi baada ya kizazi: Lenana alitambuliwa kuwa chifu mkuu, Wamaasai wakapoteza ardhi, wakatengewa hifadhi mbili. Mwanafunzi anachukua alama tano zake, ukurasa unafunuliwa, na somo linahamia kwa Nabongo Mumia na Wawanga.

Mkataba wenyewe haufunguliwi. Ni hati fupi ya Agosti 1904, kati ya Sir Donald Stewart, kamishna wa himaya ya Uingereza huku kwetu, na Olonana, laibon (kiongozi wa kiroho) ambaye Waingereza walimwita Lenana, pamoja na wazee wenzake. Wamaasai wangetoka katika Bonde la Ufa kupisha reli na walowezi. Wangepewa Laikipia upande wa kaskazini na eneo jingine kusini mwa reli. Kati ya maeneo hayo mawili kungekuwa na njia yenye upana wa nusu maili ya kupitishia watu na mifugo, na kwenye miteremko ya Kinangop wangebakishiwa maili tano za mraba kwa ajili ya sherehe za tohara. Hayo yote, hati ikasema, yatadumu kwa muda wote Wamaasai watakapokuwepo duniani.

Yalidumu chini ya miaka saba. Aprili 1911, Gavana Percy Girouard alikuwa na mkataba wa pili mkononi, na Laikipia ikatakiwa na walowezi. Watu na mifugo wakaswagwa kuelekea kusini. Mwaka 1913 Ole Njogo na wenzake walikwenda mahakamani kudai kwamba mkataba wa kwanza umevunjwa. Majaji waliwajibu kwamba Wamaasai walikuwa taifa la kigeni lililofunga mkataba na Mfalme wa Uingereza, na mambo ya mataifa mawili hayaamuliwi na mahakama ya koloni. Kwa maneno mengine, walikuwa taifa kamili siku ya kutoa ardhi, na siku ya kuidai hawakuwa na pa kushtakia.

Mwalimu aliyeandaliwa vizuri anaweza kukaa na hati hiyo muhula mzima. Nani alitafsiri? Alama ya kidole gumba ya mzee ambaye hakujua kusoma ina uzito gani? Kwa nini upana wa njia umetajwa kwa vipimo, lakini ahadi ya kudumu milele haina adhabu ya kuivunja? Kapteni Frederick Lugard, aliyezunguka na fomu za mikataba zilizopigwa chapa za Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, alikiri katika shajara yake kwamba hakuna mtu ambaye angeelewa maandishi yale kisha akayatilia sahihi. Na huyo ndiye aliyekuwa akizigawa.

Lakini makala haya yanahusu Matisi, na Matisi haimo katika mkataba wowote.

Matisi ni wadi ya eneobunge la Saboti, pembezoni mwa mji wa Kitale. Mashamba ya mahindi ya jana yamekatwakatwa kuwa viwanja, viwanja vimeota nyumba za kupangisha, na asubuhi boda boda hugombania wafanyakazi wanaoingia mjini. Katika darasa moja la shule ya msingi utakuta watoto wa Kibukusu, Kisabaot, Kiturkana, Kikuyu, Kiluo, Kiteso, Kinandi na Kikisii wakikalia dawati moja. Kila mmoja ameletwa na hadithi ya nyumbani kuhusu jinsi familia yake ilivyofika hapo, na hadithi hizo hazipatani.

Katika Gredi ya 4 mtaala wa umilisi unamtaka mtoto huyo aijue kaunti yake: milima, mito, watu, uongozi. Mwalimu wa Masomo ya Jamii anaandika ubaoni Mlima Elgon, Milima ya Cherang'any, Mto Nzoia. Halafu mkono unanyooshwa nyuma ya darasa: mwalimu, ni nani alikuwa hapa kwanza? Swali hilo halimo kwenye mwongozo wa mwalimu, na nusu ya jibu lake imeshasababisha watu kufa.

Trans Nzoia haikuchukuliwa kwa sahihi. Hadi 1902 sehemu hii ya nchi ilihesabiwa kuwa ya Uganda; mwaka huo mpaka ukasogezwa, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya Ardhi ya Mfalme. Ile ya 1915 ilikwenda mbali zaidi, na mahakama zikaitafsiri kwamba Mwafrika ni mpangaji tu katika nchi yake, anayekaa kwa hisani ya serikali. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mpango wa 1919 wa kuwatuza wanajeshi wa Kizungu ulileta walowezi wengi, na reli ikafika Kitale mwaka 1926. Hakuna laibon aliyeitwa, hakuna mzee aliyeweka kidole gumba. Wasengwer, waliokuwa wakiwinda na kurina asali kutoka Cherang'any hadi tambarare za Nzoia, walijikuta wamesukumwa juu msituni. Wasabaot, waliochunga ng'ombe chini ya Elgon, walipandishwa mlimani. Wabukusu waliingia mashambani mwa walowezi kama vibarua na maskwota, kipande kikiwa shingoni.

Hili ndilo pengo ambalo mafunzo ya walimu hayajaliziba. Tunazo shule za kufundisha mkataba wa watu wengine. Hatuna namna iliyokubalika ya kumfundisha mwalimu jinsi ya kusimama mbele ya darasa katika ardhi iliyochukuliwa bila mkataba, miongoni mwa watoto wa waliofukuzwa, wa walioletwa kufanya kazi, na wa walionunua hisa katika kampuni za ardhi baada ya uhuru.

Nchi nyingine zimekwishaanza. Nchini Kanada, jimbo la Saskatchewan liliagiza mwaka 2007 kwamba mikataba kati ya Mfalme na mataifa ya wenyeji ifundishwe katika shule zote, na ofisi ya kamishna wa mikataba ikawa inawanoa walimu. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya huko ilipomaliza kazi mwaka 2015 ilitoa miito 94, na mmoja wao ulitaka serikali zigharimie masomo kuhusu mikataba na shule za bweni walikopelekwa watoto wa wenyeji kwa nguvu, pamoja na mafunzo ya walimu watakaoyafundisha. Sisi huku hupenda kutaja Saskatchewan. Jirani yetu wa kweli, hata hivyo, ni British Columbia, jimbo la magharibi ambako sehemu kubwa ya ardhi haikuwahi kutolewa kwa mkataba wowote. Huko mwalimu hana karatasi ya zamani ya kuishika. Ana hukumu za mahakama: ya Calder mwaka 1973, ya Delgamuukw mwaka 1997, ya Tsilhqot'in mwaka 2014. Tangu mwaka wa masomo wa 2023 hakuna mwanafunzi wa sekondari anayehitimu jimboni humo bila kusoma somo linalohusu wenyeji. Walimu wao wamezoea kufundisha kutoka kwenye faili la kesi.

Na sisi mafaili tunayo. Nitayataja machache ambayo yangetosha kujaza wiki nzima ya warsha bila mkufunzi kutoka Nairobi.

La kwanza ni Tume ya Ardhi ya Kenya ya 1932 hadi 1934, iliyoongozwa na Jaji Morris Carter. Ushahidi uliotolewa mbele yake ulichapishwa, majuzuu mazito. Wazee wa Kisengwer walieleza mipaka ya nchi yao. Wasabaot, ambao Waingereza waliwaita El Kony, nao walieleza yao. Kisha soma tume ilivyoamua kuhusu wawindaji wa msituni iliowaita Wadorobo: wahamishiwe katika hifadhi za makabila wanayokaribiana nayo na wamezwe humo. Mwalimu akishausoma ushahidi na uamuzi kwa pamoja, anaelewa kwa nini mtu wa Cherang'any hadi leo anapigania kwanza kutambuliwa kwamba yupo, kabla hajataja ekari. Mwaka 2014 maafisa waliwaondoa watu katika msitu wa Embobut na kuchoma nyumba zao. Januari 2018 Msengwer mmoja alipigwa risasi akafa huko, na Umoja wa Ulaya ukasimamisha fedha za mradi wa kuhifadhi vyanzo vya maji.

La pili ni la mlimani. Chepkitale, nyanda za juu za Elgon ambako Waogiek wa huko walifuga na kurina, ilianza kutengwa kwa ajili ya wanyama mwaka 1968. Mwaka 1971 serikali ilianza mradi wa makazi wa Chebyuk, chini kidogo, wa kuwapa ardhi waliotolewa juu. Awamu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Orodha zikaandikwa, zikafutwa, zikaandikwa upya, wanasiasa wakiwa na peni zao. Mzozo wa awamu ya tatu ndio uliozaa kundi la wapiganaji la Sabaot Land Defence Force mwaka 2006. Zaidi ya watu 600 waliuawa. Machi 2008 jeshi likaingia kwa Operesheni Okoa Maisha, na wanaume kwa mamia wakakusanywa, wakapigwa, wengine hawakurudi. Katika shule za Cheptais na Kopsiro kuna walimu ambao wakati huo walikuwa wanafunzi.

Halafu Septemba 2022, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Bungoma iliamua kwamba hatua ya serikali ya mwaka 2000 ya kuifanya Chepkitale rasmi kuwa hifadhi ya wanyama haikuwa halali, na ikawapa ushindi Waogiek. Hukumu hiyo imeandikwa Bungoma, katika jengo ambalo mwalimu wa Kitale anaweza kulifikia kwa matatu asubuhi na kurudi kabla ya jua kutua. Sijaona kitabu cha kiada kinachoitaja.

Kuna pia hukumu ya Arusha. Mnamo Mei 26, 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilisema Kenya iliwakosea Waogiek wa Mau kwa kuwafukuza msituni; Juni 2022 ikaamuru walipwe shilingi milioni 57.85 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa machungu, na ardhi yao waandikishiwe kwa pamoja. Mau si Elgon, na mwalimu asichanganye. Lakini hoja zinafanana, na mwanafunzi wa sekondari anaweza kuzilinganisha.

Faili kubwa kuliko yote limelala tangu Mei 21, 2013, siku Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipomkabidhi Rais Uhuru Kenyatta ripoti yenye zaidi ya kurasa 2,000. Tume ilipokea zaidi ya taarifa 40,000 kutoka kwa wananchi, na ilifika hadi Mlima Elgon kusikiliza. Machi 2015 Rais aliomba radhi bungeni kwa niaba ya serikali zote zilizotangulia na akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10. Ripoti yenyewe Bunge halikuipitisha. Mwalimu hahitaji Bunge lipitishe ripoti ndipo aisome. Anachohitaji ni mtu wa kumpa sura zinazohusu eneo lake, zikiwa zimefupishwa na kutafsiriwa, na wenzake wa kujadiliana nao kabla hajaingia darasani.

Hapo ndipo tunapofika kwa mwajiri. Septemba 2021 Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ilizindua mafunzo ya lazima ya kuendeleza walimu kazini: moduli sita, kila moja ya miaka mitano, na mwalimu agharimie mwenyewe shilingi 6,000 kwa mwaka. Taasisi nne ziliidhinishwa kuyatoa: Chuo Kikuu cha Kenyatta, Mount Kenya, Riara na ile taasisi ya serikali ya usimamizi wa elimu, KEMI. Vyama vya walimu vilipiga kelele kuhusu ada, na kwa haki. Lakini ubishi ulikwama kwenye pesa. Kilichomo ndani ya mafunzo kikapita bila kujadiliwa sana. Mafunzo yanayotungwa sehemu moja kwa ajili ya walimu zaidi ya laki tatu, kutoka Lokichoggio hadi Lunga Lunga, yatakuwa na mbinu za kupima umilisi, usimamizi wa darasa, teknolojia. Hayawezi kuwa na Chebyuk. Hata yakiwa na mada ya amani, itakuwa amani ya jumla, ile ya kuchora njiwa na kushikana mikono.

Nasema hivyo bila kudharau. Baada ya machafuko ya 2007 na 2008, Wizara ya Elimu iliandaa vitabu vya elimu ya amani na mwaka 2014 ikatoa sera yake. Vilabu vya amani vilianzishwa shuleni. Uwanja wa maonyesho wa Kitale ulikuwa umejaa wakimbizi wa ndani, na watoto walihitaji kufundishwa kukaa pamoja upesi, siku hiyo hiyo. Ila amani inayofundishwa bila ardhi huku kwetu ni kama kupaka chokaa ukuta unaolowa maji kutoka nyuma. Ukabila haukuzuka Trans Nzoia mwaka 1991 au 2007 kwa sababu watoto hawakufundishwa kupendana. Endebess iliwaka katika msimu wa vyama vingi kwa sababu kulikuwa na wanasiasa waliojua ni kidonda gani cha kukibinya.

Ugumu wa mwalimu mwenyewe huzungumzwa kidogo sana. Mwalimu ana kabila. Ana jina linalomtangaza kabla hajafungua mdomo. Akiwa Mbukusu akaeleza jinsi Wasabaot walivyopandishwa mlimani, mzazi mmoja atamwona msaliti. Akiwa Msabaot akaeleza hayo hayo, mzazi mwingine atamwona mchochezi. Wengi huchagua kunyamaza, na siwalaumu. Kwenye ofisi ya walimu mada ya ardhi hupita kama utani wakati wa chai, kisha mtu mmoja anabadilisha mazungumzo. Warsha yenye maana ingeanzia hapo, kwa walimu wenyewe, milango ikiwa imefungwa, kabla ya mtoto kutajwa.

Tuseme inafanyika Jumamosi, katika shule moja ya Kitale, walimu thelathini. Mwezeshaji anagawa karatasi mbili. Moja ni maneno ya mkataba wa 1904, kwa Kiswahili chepesi. Nyingine ni kifungu cha sheria ya Ardhi ya Mfalme. Anawauliza: katika hii ya kwanza, nani amekubali nini? Wanajibu. Katika hii ya pili? Kimya kitakuwepo, maana hakuna aliyekubali chochote. Karatasi inaongea peke yake. Kisha kila mwalimu aandike mistari mitano: familia yangu iliingiaje katika kaunti hii, au shule hii iliyoniajiri imejengwa kwenye shamba lililokuwa la nani. Wasisome kwa sauti. Wabadilishane na mtu wa jamii nyingine, kila mmoja asome ya mwenzake moyoni, kisha amuulize swali moja tu. Zoezi hilo lina thamani kubwa kuliko slaidi arobaini.

Kosa moja ningependa lisifanywe. Mtu akisikia kwamba eneo hili halina mkataba anaweza kudhani kwamba watu wake hawakujua kufunga mikataba. Walijua. Wabukusu na majirani zao walikuwa na kiapo cha kumaliza vita ambapo mbwa alikatwa vipande viwili mbele ya pande zote mbili, na atakayevunja maneno akajitakia mwisho wa mnyama yule. Hakuna aliyehitaji mkalimani. Ukikilinganisha na mkataba wa 1904, kiapo hiki kilikuwa na kitu ambacho Stewart hakukiandika, yaani adhabu kwa mvunjaji. Watoto wa Gredi ya 7 watachangamka kwa mbwa huyo. Mwalimu ajiandae kwa kelele. Na siyo mambo ya kale tu. Mwaka 2011 jamii za Bungoma na Mlima Elgon zilikaa Mabanga, kwenye kituo cha mafunzo ya wakulima, zikafikia mkataba wa amani unaojulikana kwa jina la mahali hapo. Kama mtu anatafuta mkataba wa kufundishia, huo hapo, na baadhi ya walioketi mezani wangali hai na wanapatikana kwa simu.

Sehemu za kupeleka watoto nazo hazikosekani. Makumbusho ya Kitale yalianza na mkusanyiko wa mlowezi, Luteni Kanali Hugh Stoneham, na jengo la sasa lilifunguliwa 1974. Uani kuna maboma yaliyojengwa kwa mitindo ya jamii mbalimbali. Watoto hukimbilia nyoka na mamba, na ni haki yao, lakini mwalimu aliyeandaliwa angewasimamisha dakika kumi mbele ya swali la jinsi mlowezi mmoja alivyoweza kukusanya vitu vyote vile. Ukishuka na barabara ya Webuye kupitia Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, unafika Chetambe, kilima ambako Wabukusu walijichimbia ngome mwaka 1895 wakapambana na kikosi kilichoandamana na Charles Hobley, chenye askari wa Kisudani na wasaidizi wa Kiganda na Kiwanga. Bunduki za mzinga zilishinda. Chetambe ni mahali pazuri pa kuzungumzia tofauti kati ya kushindwa na kukubali, na pia pa kukiri kwamba Waafrika walikuwa pande zote mbili za mstari wa risasi.

Elijah Masinde naye hufundishwa kama mwendawazimu au kama nabii, ikitegemea kanisa la mwalimu. Wachache huwaambia watoto kwamba aliwahi kuichezea Kenya kandanda katika Kombe la Gossage, au kwamba wafuasi wa dini yake, Dini ya Msambwa, walidai walowezi waondoke kwenye ardhi miaka mingi kabla ya hali ya hatari ya 1952. Februari 1948 polisi waliwapiga risasi wafuasi wake huko Malakisi. Masinde mwenyewe alifungiwa katika hospitali ya akili ya Mathari, kisha Lamu, akaachiliwa 1961, na serikali ya uhuru nayo ikamfunga tena. Kwa mtoto wa Matisi huyo ni jirani. Kaburi lake liko Kimilili.

Wapo watakaosema haya yote ni kuchokonoa. Uchaguzi unakaribia, watasema, tuache waliokufa wapumzike. Hoja hii ina nguvu kuliko wanavyoidhania wanaharakati, kwa sababu historia ya ardhi mikononi mwa mwalimu asiyeandaliwa ni hatari kweli. Mtoto anaweza kwenda nyumbani na sentensi moja tu, kwamba mwalimu amesema hapa ni pa fulani. Lakini tusijidanganye kwamba tukinyamaza watoto hawatafundishwa. Wanafundishwa tayari, na mjomba, na wimbo wa kampeni, na video ya WhatsApp inayozunguka usiku, na huko hakuna anayeleta ushahidi wa Carter wala hukumu ya Bungoma. Katiba ya 2010 yenyewe inataja jamii za wawindaji na warina asali miongoni mwa zilizotengwa, na inaipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria. Muda wa kupeleka madai hayo ulifungwa Septemba 2021. Jamii ambayo watoto wake hawakufundishwa jinsi ya kusoma hati za ardhi yao iliingia katika zoezi hilo ikiwa nyuma ya jamii yenye mawakili.

Kundi la kwanza la mtaala wa umilisi liliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na Historia na Uraia sasa ni somo la kuchagua. Maana yake ni kwamba wengi hawatalisoma kamwe baada ya Gredi ya 9. Chochote ambacho mtoto wa Saboti au wa Kapsokwony atajua darasani kuhusu ardhi aliyozaliwa juu yake atakijua kati ya Gredi ya 4 na ya 9, kutoka kwa mwalimu wa Masomo ya Jamii ambaye pengine alisomea Hisabati na akapewa somo hilo kujaza ratiba.

Kaunti za Trans Nzoia na Bungoma haziajiri walimu wa shule za msingi. Hiyo ni kazi ya TSC. Zina, hata hivyo, uwezo wa kugharimia kijitabu. Chuo Kikuu cha Kibabii kipo Bungoma, na nyaraka zipo. Kinachobaki kugombaniwa ni nani atahesabiwa kuwa mkufunzi. Kwa kanuni za sasa saa za mafunzo zinatambuliwa zikitolewa na taasisi iliyoidhinishwa. Mzee wa Chepkitale aliyetoa ushahidi katika kesi ya Bungoma, au mama wa Kisengwer aliyeona nyumba yake ikichomwa Embobut, hana idhini hiyo na hataipata. Mwalimu anayekaa naye kutwa nzima akisikiliza atarudi nyumbani bila alama yoyote kwenye rekodi yake, na mwaka ukiisha atadaiwa shilingi 6,000 zake kama mwingine yeyote.